Bastola ya Marlscombe

Siku Cyril Pargeter alipofariki, chai yake ilikuwa bado ina moto. Mkewe, Dilys, aliiweka mezani katika chumba cha nyuma, akaenda kuanua nguo kwa sababu mvua ilikuwa inaunyemelea mji wao wa Willenhall. Aliporudi na kapu, Cyril alikuwa ameinamia meza kana kwamba anasoma kitu kidogo sana. Mbele yake palikuwa na bastola kuukuu, imelazwa juu ya kitambaa cha kijani.

Lionel, mdogo wake Cyril, alifika mbio kutoka mtaa wa pili akiwa amevaa viatu vya ndani. Alimkuta shemeji yake amekaa sakafuni, kapu la nguo bado mapajani.

"Nimemwita mara tatu, Lionel. Nikadhani ananitania."

Tangu ujana Cyril alikuwa akikusanya bastola za polisi wa zamani, zile za miaka ya mwisho ya Malkia Victoria, ambazo risasi zake hazitengenezwi tena. Nyingi hazikuwa na uzuri wowote. Zilikuwa fupi, nene, zenye rangi ya chai iliyokolea. Thamani yake ilikuwa katika alama ndogo zilizochongwa mgongoni mwa mpini: herufi za kikosi na namba ya askari. Bila alama, ni chuma tu kama chuma kingine.

Hii ya mezani aliitafuta zaidi ya nusu ya maisha yake. Ilikuwa ya polisi wa Marlscombe, mji mdogo uliokuwa na askari wa kuhesabika kwa vidole kabla kikosi chao hakijavunjwa. Hakuna mkusanyaji aliyewahi kuona hata moja yao. Cyril alipoipata aliwapigia simu wenzake wa klabu ya wakusanyaji, akawasomea alama, lakini picha hakutaka kupiga. "Mtaiona mkutanoni," aliwaambia, "na mtalia."

Klabu ilikuwa na desturi yake. Mtu akipata kitu kipya, hukileta kimefunikwa kitambaa, kikazungushwa meza nzima, kila mmoja akaingiza mkono na kupapasa. Wa kwanza kukitambua hununuliwa bia. Mwenyekiti wao, Silvanus Botterill, alimwambia Dilys kwamba baada ya mazishi wangependa kuizungusha bastola ya Marlscombe pale nyumbani, kwa heshima ya Cyril.

"Mtaiandaa?" aliuliza.

"Lionel ataiandaa," Dilys akajibu.

Lionel alikuwa mng'arishaji. Tangu alipoacha shule hadi alipostaafu alisimama mbele ya gurudumu la kung'arishia vitasa na mikono ya milango, na msimamizi wake wa kwanza alimfundisha jambo moja: chuma kisichong'aa hakitoki mlangoni mwa kiwanda. Gurudumu moja bado alikuwa nalo, kwenye kibanda cha uani. Aliitazama bastola ya kaka yake, ile kutu ya kahawia na vishimo vidogo kama uso wa mtu aliyeugua ndui, akaona haya kwa niaba ya marehemu. Watu watakuja na suti zao nyeusi, wafunue kitambaa, wakute hiki?

Akaifanyia kazi nzuri. Lazima isemwe hivyo, maana hakuwahi kung'arisha kitu kwa uangalifu kama ule. Alilia kidogo, akafuta macho kwa mkono wa shati, akaendelea. Alipomaliza aliweza kuona pua yake kwenye mpini.

Siku ya mazishi wanaklabu walikaa sebuleni wakiwa na bia na mikate ya nyama. Kitambaa kikazunguka. Mikono ikaingia, ikasita.

"Mbona inateleza kama samaki?" alisema Percival Nock, mtu wa maneno mengi.

Silvanus alifunua kitambaa. Akageuza mpini kuelekea dirishani, akavaa miwani, akaivua, akapitisha kidole gumba mgongoni mwa chuma mara mbili.

"Hakuna kitu hapa," alisema kwa sauti ya chini.

"Hakuna nini?" Lionel aliuliza.

"Alama. Haipo."

Percival akakohoa. "Mimi sitaki kumsema marehemu. Lakini jamani, nani kati yetu aliyeiona hiyo alama? Kwenye simu hata mimi naweza kuwa na bastola ya mfalme Suleimani."

Wengine wakaangalia mikate yao. Cyril, ambaye katika klabu ile neno lake halikuwahi kutiliwa shaka, alikuwa anageuzwa mwongo ndani ya nyumba yake mwenyewe, udongo wa kaburi lake ukiwa mbichi. Lionel alifungua mdomo. Akaufunga. Akaficha mikono mifukoni, maana uchafu mweusi wa gurudumu huingia chini ya kucha na hautoki upesi.

Dilys alikuwa amesimama mlangoni na birika. Aliitazama mifuko ile, kisha akamtazama usoni.

"Ni mimi," alisema. "Niliisugua. Ilikuwa chafu."

Kicheko cha ahueni kikapasuka. "Ewe mama!" Percival alisema. "Si ungesugua sufuria!" Silvanus alimshika Dilys bega na kumwambia asijali. Cyril akarudishiwa jina lake. Lionel alikula mkate wake wote bila kujua ladha yake.

Wiki zikapita. Kila Jumapili alikula kwa shemeji yake, na kila Jumapili alijiambia kwamba atasema baada ya chakula. Dilys hakugusia. Alimwongezea viazi tu. Huko nje kisa kilishapata miguu; hata muuza nyama alimwambia Lionel, akicheka, "Nasikia kuna mjane aliyefuta historia kwa kitambaa cha vyombo."

Majira ya kupukutika majani klabu ikamwalika Dilys akalie kiti cha Cyril mezani. Lionel ndiye aliyeupeleka ujumbe.

"Siendi," Dilys alisema.

"Wanakupenda, shemeji."

"Wananicheka. Niliishi na zile bastola maisha yangu yote ya ndoa, Lionel. Sikuwahi kupitisha hata kitambaa kikavu juu yake. Cyril alijua hivyo." Akageukia sinki. "Sasa nenda nyumbani."

Siku ya mkutano Lionel akaenda peke yake, akiwa ameibeba bastola chini ya kitambaa cha kijani. Ilipozunguka, wa kwanza kuigusa alikuwa Percival.

"Hii naijua! Ni sufuria ya Dilys! Nimdai nani bia?"

Wakacheka mpaka meza ikatikisika. Lionel alisimama, akaweka mikono yake mezani mbele yao, vidole vimetandazwa.

"Kitambaa hakiwezi kufanya kazi ile," alisema. "Ni gurudumu. Niliing'arisha mimi, alama ilikuwepo, na nikamwacha mwanamke aliyefiwa abebe lawama."

Alingoja wamtukane. Hakuna aliyemtukana. Percival aliinamisha kichwa. Silvanus aliirudishia bastola kitambaa chake, taratibu, kama mtu anayefunika mtoto aliyelala.

"Nilijua," alisema. "Tangu siku ile. Nilikuwa nangoja useme."

Hilo ndilo lililomchoma kuliko matusi.

Siku hizi Dilys hukaa kwenye kiti cha Cyril kila mkutano, na hupapasa chini ya kitambaa kama wengine. Lionel humpeleka kwa gari. Hakuna aliyemkataza kuingia. Hungoja nje mpaka mkutano uishe.