Fundi Redio Kwenye Karatasi

Mjukuu wangu anakula kwa kuchora watu. Si picha za kutundika ukutani, hapana. Ni watu wa kwenye visanduku, kimoja baada ya kingine, wanakimbia, wanagombana, wanapigana vijembe, na maneno yao yameandikwa kwenye viputo juu ya vichwa vyao. Mtaani wanamwita Wino, maana vidole vyake havijatakata tangu aache kunyonya. Mama yake, ambaye ndiye binti yangu, ni muuguzi, na alitamani sana mtoto naye avae nyeupe. Mungu akamjalia nyeusi.

Alianzia gazetini. Kila siku katuni moja, chini ya matangazo ya vifo. Mhariri akawa anamwambia mnenepeshe huyu, mkondeshe yule, na huyu mwenye tai usimguse kabisa, ni mtu wetu. Mtoto akavumilia, akavumilia, mwisho akarudi nyumbani mchana na kalamu zake na kikombe chake cha chai ndani ya mfuko.

"Umefukuzwa?" mama yake akamuuliza.

"Nimejifukuza."

"Mtu mwenye akili zake anajifukuza kazi?"

"Mkono ni wangu, Mama, lakini wanaochora ni wao."

Mimi nilikuwa nachambua maharage. Nikaendelea kuchambua. Wakigombana mama na mwana, bibi ashike kazi.

Tangu hapo akawa mtu wa kujitegemea. Anatunga mwenyewe, anachora mwenyewe, anabeba mwenyewe kwa mchapaji, anauza mwenyewe. Vilikuwa vitabu vyembamba vya kubana kwa pini. Akavipeleka saluni, kwa vinyozi, kwenye kituo cha basi. "Bibi, msomaji wangu ni mtu anayesubiri," ananiambia. Na kweli, dunia haina uhaba wa wanaosubiri.

Meza ya kulia ikawa mali yake. Sisi tukahamia kula magotini. Ukisahau ukaweka kikombe pale, unasikia, "Bibi, umemmwagia askari chai!"

Na mtu wa kukaa atazamwe ili wengine wachorwe, nilikuwa mimi. Mama yake hatulii; akikaa kidogo tu anakumbuka nguo kwenye kamba. Mimi kukaa nakujua. Nimekaa foleni za unga, nimekaa mabenchi ya hospitali, nimekaa na mume asiyeishiwa maneno. Basi nikaambiwa, kaa kama mwizi anayesikiliza mlangoni. Nikakaa. Kaa kama waziri aliyesahau hotuba. Nikakaa. Kaa kama bibi harusi ambaye viatu vinambana. Hiyo haikunipa taabu hata kidogo.

Siku moja mchapaji, mwanamume wa kikohozi na miwani iliyofungwa kwa uzi, alipekua kurasa akasimama katikati.

"Wino," akasema, "mbona katika nchi yako hii watu wote wanaumwa magoti?"

Tukatazama. Ni kweli. Mwizi alikuwa anaruka ukuta huku ameshika goti, kama mimi ninapoinuka.

Tukacheka mpaka mchapaji akakohoa vibaya, ikabidi apewe maji.

Halafu kikaja kitabu kikubwa. Wino alisema kinaitwa riwaya ya picha, mtu anaisoma kutoka mwanzo mpaka mwisho kama riwaya nyingine yoyote, ila imechorwa. Akasema ndicho kitakachowaonyesha watu yeye ni nani. Na habari yenyewe ilikuwa ya mume wangu, fundi redio, aliyetutoka kabla Wino hajazaliwa.

Mimi na Wino ni watani. Kwa kuwa babu ni mume wake kama alivyokuwa wangu, ananiita mke mwenza, nami humwambia alichelewa kuolewa, akakuta chakula kimeshaliwa. Lakini siku aliponiambia habari ya kitabu hakutania.

"Nyie wote mlimwona," alisema. "Humu ndani mimi tu ndiye namjua kwa kusimuliwa. Nikimchora akawa yeye kweli, nami nitakuwa nimemwona."

Basi. Alitaka hilo tu. Kuuza kungekuja baadaye.

Picha ya marehemu tunayo moja, ile ya kitambulisho, tuliyoikuza tukaitundika sebuleni. Nyingine zote ziliharibika mwaka ule bati lilipovuja juu ya sanduku. Mama yake akamwambia, "Itazame hiyo hiyo. Na umchore kwa heshima. Sitaki baba yangu awe kichekesho." Kwa kuwa picha ilikuwepo, Wino hakuona haja ya kunikalisha kwa ajili ya babu. Alinikalisha kwa ajili ya wateja, majirani, hata mwenye nyumba. Alinikalisha niwe mimi mwenyewe nilipokuwa msichana, na hiyo ndiyo iliyonishinda kuliko zote. Ila babu alimtoa ukutani.

Mvua zikaja zikapita, kiangazi kikaja, mtoto yuko mezani. Kalamu ikikwaruza, nalala usingizi mzuri wa alasiri, ikinyamaza, naamka. Akakonda. Akawa anakula amesimama. Halafu asubuhi moja akaniletea kurasa zote, rundo zima, akaziweka mapajani pangu, akaketi mbele yangu anatafuna kucha.

Mimi ni msomaji wa kidole. Darasa la tatu halikunipa mbio. Nikasoma polepole, na kwa kweli nilifurahi. Kibanda cha kazi chini ya ngazi alikijenga vile vile kilivyokuwa. Redio zimelala chali, matumbo wazi. Watoto wamejazana mlangoni kusikiliza mpira. Nikajiona mimi, kiuno chembamba, nabeba chai, nikasema moyoni, loo, tulikuwa watu!

Na katikati ya yote hayo, kwenye kila kisanduku, alikuwa amekaa mwanamume shingo imenyooka, mdomo umefungwa, kama mwalimu mkuu anayengoja kelele ziishe.

"Mke mwenza," Wino akauliza, "ndiye?"

"Sura ndiyo yake."

"Sikuuliza sura."

Nyuma yake, mlangoni kwa jikoni, mama yake akawa ananikonyeza kwa macho yote mawili. Sema ndiyo, Mama. Mtoto amechoka. Mchapaji ameshatenga siku. Nami ningeweza, nimesema ndiyo nyingi katika maisha haya ambazo hazikuwa ndiyo. Lakini mtu amengoja maisha yake yote kumwona babu yake. Nimwonyeshe mgeni, nimwambie msalimie?

"Huyu ni mtu mwema," nikasema. "Lakini mimi simfahamu."

"Mama!" binti yangu akaja mbio na mwiko mkononi. "Umesema nini? Si picha ile ile ya ukutani? Amekosea wapi?"

"Hakukosea. Aliyetuharibia ni mpiga picha. Alimwamrisha baba yako afunge mdomo."

Wino hakulia. Alizigonga karatasi mezani mpaka pembe zikalingana, akachukua simu, akampigia mchapaji. "Mzee, niondoe kwenye foleni. Hapana, sijaumwa. Babu hajafika."

Siku zilizofuata nyumba ilikuwa nzito. Mama yake akawa haongei na mimi ila kwa kupitia sufuria: anaifunika kwa kishindo, nami najibu kwa kuifunua taratibu. Wino anachora kwa penseli, anafuta, anachora, anafuta, mpaka karatasi inatoboka.

"Nisaidie, Bibi. Alikuwaje?"

"Alikuwa mcheshi."

"Mcheshi hachoreki. Nipe bega. Nipe mdomo."

"Mdomo wake ulikuwa... ulikuwa mdomo wa mtu anayekaribia kusema."

"Kila mtu anakaribia kusema!"

Nikajaribu tena. Maneno yakaniishia. Mtu unaishi naye miaka yote ile, unamjua hata kwa kikohozi chake barabarani, halafu unaombwa umweleze, unabaki unasema "alikuwa hivi, yaani, alikuwa vile."

Alasiri moja Wino akafungua lile boksi la viatu anamoweka kazi zilizokufa. Akaanza kupanga kurasa humo.

"Acha tu, Bibi," akasema, wala hakuwa na hasira. "Nitachora kitabu kingine. Babu ni wenu."

Neno hilo lilinichoma. Babu ni wenu, kama vile anarudisha bakuli la jirani.

Nikavuta kigoda, kile kifupi cha kufulia, nikakaa. Nikatwaa kopo la biskuti nikalipakata. Miguu nikaipishanisha, kiatu kimoja nikakivua nusu, kikaning'inia kwenye vidole. Bega la kulia nikalipandisha mpaka likagusa sikio. Kichwa nikakilaza juu ya kopo, karibu kabisa, kama mtu anayesikiliza mtoto tumboni. Na mdomo nikauachia wazi, ulimi umejibanza shavuni. Maana mume wangu alisikia kwa mdomo, jamani. Alikuwa akisema masikio ni mlango wa mbele, sauti nzuri hupitia uani.

Sikufikiri. Mwili ulijua kabla yangu.

Nikasikia boksi limeanguka. Nikasikia penseli.

"Usitikisike," Wino akasema kwa sauti nyembamba. "Bibi, nakuomba, usipumue."

"Nisipopumua utachora marehemu wawili."

"Usicheke pia!"

Hapo mama yake akaingia kutoka kazini, viatu vyeupe, mkoba begani. Nilikuwa nimempa mgongo, siwezi kugeuka. Nikasikia hatua zake zimekatika mlangoni. Kisha, kwa sauti ambayo sijaisikia kwake tangu awe mtoto wa kulala katikati yetu, akasema:

"Baba."

Akajikohoza, akaona haya.

"Siyo hivyo, Mama," akasema. "Hilo goti lilikuwa linachezacheza."

"Langu likicheza halitaacha."

"Basi sogea."

Akakaa yeye, na sare yake ya hospitali, yule aliyesema baba yake asifanywe kichekesho. Akapakata kopo. Goti likaanza kupiga kama cherehani. "Na akiipata stesheni alikuwa hivi!" Akajipiga paja, akainua uso, macho yanazunguka chumba kizima kutafuta wa kumwambia. "Kama hayupo mtu, anauambia ukuta."

"Bisibisi alishika mkono gani?" Wino akauliza.

"Kulia," nikasema.

"Kushoto," mama yake akasema. "Kulia alishika chai."

"Chai aliiweka chini, ndiyo maana aliipiga teke kila siku."

"Aliipiga teke kwa sababu wewe uliiweka chini!"

"Ala! Sasa kosa ni langu?"

"Msinyamaze," Wino alikuwa anasema, penseli inakimbia. "Endeleeni kugombana, Mungu awabariki, endeleeni."

Tukagombana vizuri sana. Tukabishana juu ya kofia, juu ya kifungo kilichokosekana, juu ya wimbo aliokuwa akiuimba nusu tu kwa sababu redio ya mteja aliyoujifunzia iliishiwa betri katikati. Karatasi zikajaa sakafu nzima. Halafu Wino akaweka penseli chini, akamwambia mama yake, "Na mimi."

Akakaa kwenye kigoda. Tukamzunguka kama mafundi wa nguo. Mama yake akampandisha bega, mimi nikamvua kiatu nusu, tukamwinamisha kichwa. "Fungua mdomo. Siyo hivyo, wewe unakwenda kwa daktari wa meno? Legeza. Hapo."

Akatulia. Akasikiliza kopo la biskuti muda mrefu.

"Kumbe shingo inauma hivi," akasema.

"Iliuma kila jioni," nikamwambia. "Nilikuwa naikanda kwa mafuta ya moto, na yeye anaongea."

Alikuwa amefumba macho.

Akakichora kitabu upya chote. Mchapaji akalalamika, akasema wasanii watamzika, akapewa vikombe vingi vya chai akatulia. Safari hii Wino hakuniita kukaa. Alikuwa anakaa mwenyewe kwenye kigoda, anainuka, anachora, anarudi kukaa, goti linacheza.

Asubuhi aliponiletea ukurasa wa kwanza hakuniuliza kitu. Aliuweka tu mapajani pangu, akasimama pembeni, anajifanya anatafuta kifutio.

Nikauinua kwenye mwanga wa dirisha. Ni chumba chetu cha zamani, kitanda kimetandikwa. Mwanamume ameinama, bega juu, mdomo wazi, redio imefunguliwa mbele yake. Na skrubu, na waya, na mavumbi yote ya tumbo la redio ameyamwaga juu ya shuka. Shuka jeupe! Sikumbuki kumsimulia hayo. Labda mama yake.

"Wewe!" nikasema. "Ondoa takataka zako kwenye shuka langu! Siku zote nakwambia tandika gazeti kwanza, wewe unanitolea macho tu. Nani atafua hilo? Nani?"

Nilisema kwa nguvu. Jikoni mwiko ukaacha kukoroga. Nikaona mkono wangu umeshanyooka, kidole kinamsuta mtu wa karatasi.

Wino aliacha kutafuta kifutio. Akaja akaketi kwenye mkono wa kiti changu, shavu lake karibu na langu, wino unanuka. Akamtazama yule mwanamume wa kwenye shuka. Akamtazama kwa utulivu, kama mtu aliyefungua mlango akamkuta mgeni aliyemngoja siku nyingi.

"Shikamoo, Babu," akasema.