Mshonaji Aliyeshika Jengo

Asubuhi ile mshonaji alishuka kumwaga takataka. Alipopita chini ya ngazi alisikia nguzo ya kati ikilia, akaona ufa umepanda hadi kwenye boriti. Aliweka ndoo chini, akainua mkono wa kulia, akaikinga boriti kwa kiganja. Jengo la ghorofa nne likatulia. Nguzo ikamomonyoka taratibu hadi ikawa lundo la mchanga, saruji ndani yake ya kuonja tu.

Nguvu hizo alikuwa nazo tangu usichana, ila hakuzitumia kwa mengi: kufungua vifuniko vilivyokaza, kusogeza kabati apate kufagia nyuma yake. Mumewe, ambaye alikuwa kinyozi, alizijua tangu uchumba na hakuwahi kumtangaza, kwa kuwa mkewe hakupenda sifa.

Kinyozi alipoona kimya alishuka, povu la sabuni bado liko shavuni.

"Kulikoni, bibie?"

"Jengo limenielemea kidogo. Niletee chai, bwana. Usibanie sukari."

Alimletea, akamnywesha. Kisha alipanda kuwaambia majirani watoke. Walitoka, wakatazama, wakashukuru, wakarudi ndani kwa sababu walikuwa wameacha vyungu motoni.

Mchana alifika mwenye jengo. Aliigonga boriti kwa funguo za gari, akaridhika.

"Leta mafundi wajenge nguzo nyingine," kinyozi alisema.

"Nguzo nyingine ya nini tena? Hii ina kasoro gani?"

Mkaguzi wa majengo naye alikuja, akapima, akaeleza kwamba sheria inataka nguzo imara. Haisemi iwe ya nini. Alimwomba mshonaji asiegemee upande mmoja, akaenda zake.

Kinyozi alihamishia kiti na kioo chake pale chini, akawa ananyoa wateja kando ya mkewe. Cherehani nayo aliishusha. Jioni alizungusha gurudumu, mkewe akiongoza kitambaa kwa mkono wa kushoto. Alimshonea gauni lenye vifungo kuanzia kifundo cha mkono hadi kiunoni, ili aweze kubadilisha nguo bila kuliachia jengo. Mishono ilikwenda kombo kama njia ya mlevi. Mkewe alisema hajawahi kuvaa gauni lililomkaa vizuri namna ile. Alijifunza kulala wima, na kinyozi alisimama nyuma yake awe mto.

Watoto wa jengo walimchora akiwa na joho linalopepea kama la shujaa wa filamu.

"Joho la nini, wanangu?" aliwaambia. "Nichoreeni nimekaa."

Kinyozi alisikia. Kesho yake alikwenda ofisini kwa mwenye jengo, akakaribishwa vizuri, akapewa soda, akarudi mikono mitupu. Vyumba vilivyokuwa wazi vilijaa, maana habari zilikuwa zimeenea kwamba jengo lile halianguki.

Siku moja magoti ya mshonaji yalitetemeka, na vikombe vya mama wa ghorofa ya tatu vikadondoka.

"Shoga, ukisikia kuchoka uwe unatuambia mapema!" alipiga kelele kutoka dirishani.

Kinyozi aliweka wembe chini, akafuta mikono, akakinga boriti kwa kiganja cha kushoto. Mwanamume huyu gunia la unga lilimshinda. Siku waliyohamia yeye ndiye aliyebeba mito.

"Toa mkono," alisema.

"Utapondeka."

"Toa, mke wangu. Nenda kakae."

Alitoa kidole kimoja kimoja. Jengo lilishuka unene wa ukucha, likasimama. Mshonaji alivuka barabara, akakaa kwenye benchi, akavua viatu. Alikaa hadi jua likaanza kuzama. Mteja aliyekuwa kitini alisubiri, kisha akaondoka na nusu ya ndevu.

"Umewezaje?" mshonaji aliuliza aliporudi.

"Sijui. Nilikuwa nakuangalia unavyokaa."

Mkewe alimfuta jasho kwa kiganja, akakiacha shavuni kwake.

Wakawa wanapokezana. Yule anayepumzika alikaa benchini, na yule aliyeshika alimtazama. Mwenye jengo alipowaona alifurahi kwelikweli. Wiki ile ile lori lilileta matofali, na mafundi wakaanza ghorofa ya tano.

"Si sasa mko wawili?" alisema.

"Na tukizeeka?" kinyozi aliuliza.

Mwenye jengo alifikiri. Halikuwa swali baya.

"Mna watoto?"

"Hatuna," mshonaji alisema.

"Basi, bado vijana nyie."

Matofali ya kwanza yalipotua juu, benchi liliachwa tupu. Walisimama bega kwa bega, yeye ameinua mkono wa kulia, mumewe wa kushoto. Mikono iliyobaki haikuwa na kazi kwa wakati ule, kwa hiyo walishikana.