Koti ya Zorobabel

Kwa Banande ba kilima cha Bulengera, mutu wa heshima analala ndani ya migomba yake, karibu na baba yake. Ile makaburi ya Beni, yenye mistari na misalaba ya simenti, bazungu ndio baliianzisha, na batu ba Bulengera balisema kule ni kwa bageni na kwa mutu asiye na hata mugomba moja duniani. Kaswera naye alisemaka vile, mbele bwana yake hajatupwa mule.

Katikati ya makaburi kulisimama nguzo. Maskini nguzo! Bazungu baliandika juu yake majina ya bafu babo ba vita. Lipanda ikafika, bakaigongomea kibao ya uhuru. Basimba, baasi ba porini, bakaja na rangi nyekundu, bakaandika yao. Basoda ba serikali bakarudi, bakaikwangua na bayonete. Chini ya ile nguzo Basimba balimuua Zorobabel, bwana ya Kaswera, karani wa tribinali. Kosa yake: alijua kusoma, na alivaa koti. Balimutupa ndani ya shimo nyuma ya mikaratusi. Kisha basoda nabo, baliporudi, bakatupa Basimba mule mule. Shimo haikuuliza mutu kadi ya chama.

Sasa Monsieur Mukendi, mukubwa mupya wa bureau, mwenye kutoka Kasai, alitaka makaburi igeuke parc ya mashujaa mbele ya sikukuu ya lipanda. Shimo ifunguliwe, mifupa ipangwe, simenti ipite juu, majina yaandikwe kwenye nguzo.

— Monsieur le chef, nipatie wangu, Kaswera akamuomba. Mama yake, Orpa, amekataa kunyolewa nywele za kilio mpaka mutoto alale kwa baba yake.

— Mais mama! Mimi namupatia nguzo na bendera, wewe unamutakia mugomba?

— Chef, ile nguzo inageuza dini kila mwaka, akasema Sikuli, mudogo wa marehemu, mutu wa kuchekesha hata kwenye kilio. Mugomba hata kama ni mujinga, unabakia mugomba.

Mukendi akacheka bila kupenda.

— Bon. Kesho tunafungua. Ukimutambua, mubebe. Usipomutambua, jioni simenti inapita juu ya bote. Simenti yangu haijue kungojea machozi.

Kesho yake balichimba. Kaswera alisimama kwenye ukingo, kitambaa kwenye pua. Jua ilikuwa kichwani wakati mupao ya muchimbaji moja ilivuta koti ya kijivu, na mutu wake ndani. Kwenye kiwiko kulikuwa kiraka cha mistari, kipande cha robe, nguo yake mwenyewe Kaswera. Alikishona na mikono yake.

— Ndiye! Yaya yangu, mukubwa wangu! Sikuli akapiga magoti. Muchekeshaji alikuwa amekwisha. Mukendi akavua kofia.

Kaswera akashuka ndani ya shimo, akaanza kumukusanya kwenye shuka. Akafika kwenye miguu. Zorobabel, akiwa mutoto, alianguka toka juu ya kamyo ya kahawa, na mufupa wa muundi ukaunga vibaya. Bulengera nzima ilijua mwendo wake toka mbali. Mifupa hii ilikuwa imenyooka sawa muwa. Akapapasa wa kuume, akapapasa wa kushoto. Mikono yake ikasimama.

— Shemeji, nini? Sikuli akanong'ona.

— Haiko yeye. Huyu ndiye alimuvua koti.

Sikuli akaangalia miguu. Chini yabo mifupa ingine ilikuwa imechanganyika sawa kuni zilizomwangwa, na kule juu batumishi balikuwa banakoroga simenti.

— Shemeji, mama hatamaliza hii mwaka. Aguse koti tu, itamutosha.

— Na muuaji alale kwa baba yenu?

— Alale. Ao wewe uende umuambie mama kama mutoto wake iko chini ya simenti ya Mukendi.

— Donc? Mukendi akaita toka juu. Ni yeye?

Kaswera akafunika ile miguu na shuka.

— Ni yeye.

— Bon. Basi jina yake tunaiondoa kwenye liste ya nguzo. Nguzo ni ya benye kubakia hapa.

Ile Kaswera hakuwa ameiwaza.

— Iache, chef. Nakuomba, iache.

— Mais mama, mutu analala Bulengera, jina inalala Beni? Unataka nguzo ya serikali iseme uongo?

Sikuli akageuka kuangalia nguzo.

Simenti ilikuwa inamwangwa wakati Kaswera na Sikuli banapandisha shuka ndani ya kamyo.

Kule Bulengera, Orpa aligusa kiraka cha kiwiko, akalia kilio kizuri, kile cha kumaliza, kisha akainamisha kichwa banyole. Yule mutu balimulaza karibu na baba ya Zorobabel, bakamufunika na udongo laini. Majirani bakaenda.

— Sogea, musalimie bwana yako, Orpa akasema, akimusukuma polepole. Toka asubuhi hujamuambia hata neno.

Kaswera akainama mpaka uso ukakaribia udongo.

— Weye, akanong'ona, uko mutoto wa nani?

— Unamuambia nini?

— Namuuliza kama amelala muzuri, mama.

— Na anajibu?

— Bado, Kaswera akasema.