Zahanati Iliyofungwa Saa Tatu Asubuhi

Ofisi nzima ya afya ilimwita Asilimia, maana hata ukimjulia hali alikujibu yuko vizuri kwa asilimia tisini. Mtakwimu huyu hakuwa mtu wa kukosa usingizi kwa ajili ya jedwali, lakini wiki ile alikosa. Ijumaa kamati ilikuwa ikae kuifunga zahanati ya mtaa wa nyuma ya kiwanda, kwa kuwa wagonjwa walishapungua hadi kumi na watano kwa siku. Na muuguzi wa zahanati hiyo alikuwa shangazi yake, aliyemlea kwa upendo na makofi.

Asilimia aliomba takwimu za mtandaoni: watu wa mtaa ule wanatafuta nini kwenye simu zao, bila majina, idadi na saa tu. Alidhani atakuta mtaa wenye afya tele. Wapi! Mamia walikuwa wakiandika "zahanati iliyo wazi sasa hivi", wengi wao kuanzia saa tatu asubuhi. Na saa hizo mlango wa zahanati uko wazi, shangazi yuko ndani anapanga vidonge alivyokwisha kuvipanga.

Akafungua daftari la zahanati. Saa mbili hadi saa tatu, wagonjwa kumi na wawili. Baada ya hapo, watatu. Ndipo alipoitafuta zahanati kwenye simu yake, kama mgonjwa. Ramani ikamjibu: imefungwa. Hufunguliwa saa nane usiku, hufungwa saa tatu asubuhi.

Alicheka, kisha kicheko kikamkauka. Aliyejaza saa za kazi aliandika mbili hadi tisa, kama tunavyohesabu sote, na mashine, ambayo huanza kuhesabu usiku wa manane, ikamwamini. Aliyejaza alikuwa yeye mwenyewe, mwaka jana, wiki yake ya kwanza kazini, kiherehere kimemjaa.

Kurekebisha kulichukua dakika moja. Kusema ndiko kulikuwa na kazi. Karani wa ofisi alimshauri asingizie mtandao, maana mtandao hauna mdomo wa kujitetea. Ijumaa, Asilimia alipomaliza kuieleza kamati, mganga mkuu wa wilaya akauliza ni nani aliyejaza saa zile.

"Ni mimi, mheshimiwa. Wagonjwa hawakuikimbia zahanati. Mimi ndiye niliyewafungia mlango."

Mganga mkuu akafunga jalada, akasema zahanati haitafungwa kwa kosa la mtu mmoja, ila mtu huyo atazunguka zahanati zote za wilaya kuhakiki saa zao, moja baada ya nyingine. Asilimia alishukuru kwa mia.

Jumatatu alikwenda kwa shangazi kuomba radhi, akakuta foleni imefika getini. Alisubiri hadi saa sita mchana, shangazi alipopata nafasi ya kukaa, akamweleza yote bila kujitetea. Alikuwa tayari kwa kofi. Shangazi akafuta macho kwa mkono wa koti lake jeupe.

"Mwaka mzima nimekuwa nikijiuliza niliwakosea nini watu wangu."

Asilimia alichuchumaa mbele yake, akamshika mikono. "Hukuwakosea, shangazi. Walikuwa wanakutafuta kila siku. Ninazo namba."

Shangazi alimfinya sikio, si kwa nguvu sana, akamtuma akamwite mgonjwa anayefuata.