Habari ya Balqis kwa Ami Humoud

Wewe unayenisikiliza, ukiulizwa habari mbele ya mgeni, utathubutu kusema kazi yako ya miaka mitatu imekuangusha?

Mjukuu wangu Balqis anasoma fizikia chuoni Nizwa. Mimi niliishia darasa la sita, Unguja, kwa hivyo alinieleza polepole huku tukichambua tende. Galaksi ni nyota kwa mabilioni, na galaksi zenyewe hukaa kwa makundi. Zinakwenda mbio mno. Uzito unaoonekana hautoshi kuzishika pamoja. Wengi wanasema upo uzito uliofichika. Balqis alishika rai nyingine: hakuna kilichofichika, ila mvutano wenyewe hubadilika pale unapokuwa dhaifu.

Baba yake, mwanangu Thuwaini, akaivaa rai ile kama joho la sikukuu. Mji wetu wote wa Ibra ukajua binti yake anasahihisha kanuni ya mvutano.

Ijumaa akaja ami yake Balqis, Humoud, kutoka Mudhaibi. Baada ya finjani ya tatu ya kahawa akaitikisa, yaani imetosha, akamuuliza Balqis kama desturi: "Haya, habari za Nizwa?"

Kwetu jibu la kwanza ni moja tu: hakuna habari, kheri tupu. Hata aliyefiwa hujibu hivyo. Mengine hufuata baadaye. Thuwaini keshaanza kutabasamu.

"Habari ipo, Ami," Balqis akasema. "Rai yangu imeanguka."

Kisha akamweleza ami yake:

"Kwenye galaksi moja moja ilikubali. Kwenye makundi, hata nikitia hisabuni gesi ya moto iliyo baina ya galaksi, uzito bado unapungua kama nusu ya unaohitajika. Nimerudia mara kumi na moja."

"Kumi na moja!" Humoud akacheka. "Thuwaini, wewe hata tairi hulikagui mara mbili!"

Thuwaini hakucheka. "Ungenambia mimi kwanza. Nimeshawaambia watu."

"Nilikupigia mara nne, Baba. Kila nikianza, unampa mtu simu anipongeze."

Hakuinamisha kichwa, mtoto yule. Nikaliweka chini buli la kahawa.

"Thuwaini," nikamwambia, "mimi nimezaa na nimelea, lakini leo ndiyo nimejivuna."

Akanitazama, akamtazama binti yake. "Sasa unataka niwaambie nini watu?"

"Watu sijui, Baba. Mimi nilitaka uje Nizwa Jumatano, nitakapoitetea kazi yangu mbele ya walimu. Ukae mstari wa mbele, unisikilize mpaka mwisho."