Lori Lililomgonga Pantaleo

Wiki ya tatu sasa mkono wa Pantaleo ulikuwa kwenye plasta, na kijiji kizima kilijua kwamba lori la mawe ya dhahabu ndilo lililomsukumia mtaroni na baiskeli yake. Yeye mwenyewe ndiye aliyekieneza kisa hicho, na kila alipokisimulia lori liliongezeka tairi.

Asubuhi hiyo alikuwa anapukuchua mahindi kwa mkono mmoja, sungusungu, walinzi wa kijiji, wakaingia uani wamemshika dereva mzee, kofia mkononi.

"Shemeji, mtu wako tumempata," alisema Luka, kamanda wao. "Ni huyu?"

"Sema, Baba Limi, usiogope!" mkewe Vumilia akamhimiza.

Pantaleo akaweka gunzi chini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, baba. Nitazame vizuri. Hapa Mwakitolyo nina siku nne tu."

Vijana walikuwa na fimbo, na walikuwa wanangoja neno moja.

"Mwachieni," Pantaleo akasema. "Ni mbuzi."

"Mbuzi anaendesha lori?"

"Hakuna lori. Niliachia usukani, mikono juu, nawaringia watu wa kibanda cha chai. Nikamvaa mbuzi."

Luka alicheka mpaka akakaa chini. Vumilia hakucheka. Alimletea dereva kigoda, akapiga magoti mbele yake, akamwomba radhi kwa kosa ambalo hakulitenda yeye. Pantaleo akaona heri zile fimbo zingemgeukia yeye.