Kelele ya Saa Nne

Mtu yule aliingia bila miadi, Fundi wa kliniki akiwa anasugua kofia za vihisi vya mawimbi ya ubongo kwa mswaki. Kofia hizo hujaa jeli kila zinapovaliwa, na jeli ikikauka vihisi havisomi kitu. Mgeni alisimama mlangoni, nyusi zimejaa vumbi jeupe, akakung'uta viatu mpaka vikawa safi kuliko sakafu.

"Nimeambiwa hapa mnatoa kelele kichwani," alisema.

"Hatutoi kitu, kaka. Tunakionyesha kichwa kile kinachofanya, basi kinajirekebisha chenyewe."

"Basi kionyesheni. Mimi nimeshakisema mpaka nimechoka."

Alikuwa mfanyakazi wa machimbo ya kokoto. Kampuni yao ilikuwa na mkataba na kliniki, na zamu yake ilikuwa mwezi ujao, lakini hakuona kama angeufikia. Fundi alimkalisha. Wagonjwa wote walimwita Fundi, ingawa alikuwa amehitimu mwaka uliopita tu na hii ndiyo kazi yake ya kwanza. Alimvisha kofia, akajaza jeli kwenye kila kihisi, akamwonyesha tiara, kishada cha kurushwa angani, iliyochorwa kwenye skrini. Ubongo ukitulia, tiara inapanda. Ukihangaika, inashuka. Hakuna dawa wala sindano; ubongo unajiona kama mtu anavyojiona kwenye kioo, na polepole unajifunza kukaa vizuri.

Tiara ya yule bwana ililala chini kama kitambaa cha kupigia deki.

"Ni mashine ya kusaga mawe," alieleza. "Ilimvuta shemeji yangu, mdogo wa mke wangu. Aliniita. 'Shemeji, zima!' Sasa swichi iko chumbani kwa msimamizi, na chumba kina kufuli ili tusizime ovyo. Nilikimbilia mlango, nikagonga. Nilimwitika moyoni tu. Tangu tumzike, mke wangu ameniuliza swali moja: uliitika?"

Fundi alikibonyeza kihisi kimoja kilicholegea. Alikuwa amefundishwa kunyamaza, na alikuwa mzuri sana katika hilo.

"Kelele naitaka itoke," mtu yule aliendelea. "Ila yeye yumo humo humo. Ikitoka, asije akabaki anaita na hakuna wa kuitika."

"Nitamwitika mimi," alisema Fundi, kwa wepesi wa mtu aliyeombwa kumwagilia maua ya jirani. "Niseme naam, au abee?"

"Naam inatosha. Hatauliza ni nani. Anataka kujua amesikika. Lakini kwa mdomo, dada yangu. Kuitika moyoni si kuitika."

"Kwa mdomo," Fundi aliahidi.

Katika kipindi cha tatu tiara ilipanda ghafla mpaka ukingo wa skrini, na kelele ikatoka nyuma ya sikio lake la kushoto. Ilikuwa na upana wa meza ya ofisini. Ilisimama kidogo katikati ya chumba, kisha ikaenda kwenye kona, karibu na dirisha. Daktari, mwenye kliniki, aliingia kuomba mlango ufungwe kwa sababu chumba cha pili walikuwa wanalalamika. Alipoiona aliamua iwekwe kwenye kabati la chuma, na kofia zihamishiwe kwenye rafu. Mgonjwa alikuwa amelala kitini, mdomo wazi, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwamsha.

Kelele ilifuata saa za kazi. Ilianza saa moja asubuhi, ikapumzika mchana, na siku za sikukuu haikuonekana kabisa. Kila ilipofika saa nne ilibadilika mlio, ikawa nzito kama inayotafuna, na sauti ya kijana ikaita kutoka ndani ya kabati: "Shemeji! Zima!"

"Naam, shemeji," Fundi alijibu, mdomo kwenye upenyo wa mlango. "Nimesikia."

Kisha zilisikika ngumi zikigonga mlango mwingine, kwa mbali, na mashine ikaendelea kusaga.

Msimamizi wa machimbo alifika asubuhi moja kukagua huduma. Alikuwa mtu mpole, mwenye kitita cha funguo kiunoni. Saa nne ilimkuta amesimama mbele ya kabati na kikombe mkononi.

"Ndiye," alisema baada ya kusikiliza. "Alikuwa na sauti huyu kijana. Kwaya ilipata hasara." Aliinua kidole, ngumi zilipoanza. "Na huyu anayegonga ni shemeji yake. Anagonga vizuri tu. Mimi nilikuwa nimekwenda kunywa chai."

Fundi alizitazama funguo. "Swichi bado iko humo chumbani?"

"Iende wapi, binti? Ukiwaachia watu swichi, hupati kokoto." Alimgeukia Daktari. "Hii iondoke leo. Nina vijana wengine wa kuleta, na hawawezi kutulia mwenzao akiwa kabatini. Kama haiwezekani, semeni, nitatafuta kwingine."

Daktari alisema inawezekana. Kelele isiyo na kichwa ikifunguliwa dirisha hutawanyika kabla ya jioni. Alifika dirishani, akashika komeo. Lilikuwa limekaza kwa kutu, akalihangaikia.

Fundi alichukua kofia moja kutoka kwenye rafu. Alijaza jeli haraka haraka, nyingine ikamwagika. Alijivisha, akakaza mkanda chini ya kidevu, akachomeka waya kinyume, ili kelele iingie badala ya kutoka, na kufungua kabati. Kelele ilipita karibu na bega la msimamizi, ikamwingia Fundi nyuma ya sikio la kushoto, kwa njia iliyoizoea.

Komeo likaachia. Dirisha lilifunguka, hewa ikaingia.

"Ungeniuliza kwanza," alisema Daktari.

"Nilikuwa nimeahidi."

"Sawa. Ila mwenye kelele hawezi kusimamia mawimbi ya mwenzake. Unalijua hilo."

Alilijua. Msimamizi aliwashukuru wote, akaenda zake, na funguo zake zilisikika mpaka getini. Kuanzia siku hiyo Fundi alisugua kofia tu, na mama yake alipopiga simu kuuliza habari za wagonjwa, alimwambia hawajambo.

Yule bwana alirudishwa kazini kwenye mashine ile ile, akiwa mtulivu kuliko wote. Mara nyingine alipita kwenye dirisha la chumba cha kuoshea.

"Ameita leo?"

"Ameita. Nimeitika."

"Haya. Nitamwambia dada yake." Siku moja aliongeza, kama anayesema habari za mvua: "Siku hizi tunaongea."

Baadaye mtaalamu mwingine aliacha kazi, na Daktari akamfuata Fundi kwenye beseni. Kulikuwa na mwalimu mstaafu aliyekosa usingizi tangu astaafu. "Simamia kipindi kimoja, nikutazame," alisema. "Ukimaliza bila kumvuruga, kiti ni chako. Neno lolote likitoka, sitaweza kukutetea."

Kipindi kilianza saa tatu na nusu. Daktari alikaa nyuma, mikono magotini. Fundi alipanga vihisi vizuri, kila kimoja mahali pake, akahisi vidole vyake vikiikumbuka kazi kwa furaha. Tiara ilisitasita, ikashuka, ikapanda tena. Mabega ya mwalimu yalilegea. Kope zake zikaanza kuwa nzito.

Kichwani mwa Fundi mashine ilibadilika mlio.

Aliikazia macho skrini. Tiara ilikuwa juu kabisa, haitikisiki. Alijiambia kwamba kijana ameshaitikiwa asubuhi nyingi, na huenda leo akaelewa.

"Shemeji!" iliita sauti. "Zima!"

"Naam, shemeji," alisema Fundi kwa mdomo. "Nimesikia."

Tiara ikaanguka. Mwalimu alifumbua macho, akageuka taratibu na nyaya zake.

"Nani anakuita, mwanangu?"

"Mtu wa kazini, Mwalimu. Samahani."

"Hapana, aliyeitwa huitika," alisema mwalimu, akafumba tena macho, lakini usingizi ulikuwa umekwenda.

Daktari alisimama, akangoja. Fundi alimwachia kiti, akachukua kofia chafu za asubuhi na kurudi kwenye beseni. Kichwani mwake ngumi zilikuwa zinaugonga mlango. Alifungua bomba, akachukua mswaki, akaanza na kihisi cha nyuma ya sikio, maana hapo ndipo jeli hukauka upesi.